Simu Moja, Watu Wanne, Siri ya Mmoja

Benchi lenyewe liliwahi kuwa mlango. Bawaba zake mbili bado zimo, zimekula kutu, na mgeni akikaa bila kuuliza humfinya paja. Limeegemezwa ukuta wa duka la kinyozi, kibanda cha fundi simu kikiwa kushoto na jiko la mkaa la Bi Birika, muuza kahawa, kulia, na kila mtu ana pahali pake. Wakili hukaa penye bawaba kwa sababu, kama asemavyo Bi Birika, hana nyama ya kufinywa. Betri, fundi simu, hukaa katikati ili maneno yampitie yeye kwanza. Bi Birika hukaa juu ya kigoda mbele ya jiko, mgongo ameupa barabara, masikio amewapa wote. Ncha ya mlangoni ni ya kinyozi mwenyewe. Wanamwita Taratibu, maana kwa miaka thelathini hilo ndilo neno analolitia katika sikio la kila kichwa kabla ya kukigusa: taratibu, kaka, usitikisike. Jumamosi hiyo jua lilikuwa limeshafika utosini, kiti cha kunyolea ni kitupu tangu asubuhi, na Taratibu alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia kama mtu anayeukalia ufunguo wa sanduku.

— Tushtaki, alisema Wakili, akagonga kikombe juu ya benchi mithili ya hakimu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tushtaki leo leo.

— Methali hiyo inasema kinyume chake, bwana, alisema Betri.

— Inategemea inasomwa na nani.

Huyu Wakili hakusomea sheria. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na miwili, akibeba mafaili chumba hadi chumba, na hudai mpaka leo kwamba sheria ilimwingia kwa njia ya kwapa. Asubuhi hiyo alikuja na barua ya malalamiko aliyoiandika mwenyewe, kurasa nne, mihuri miwili ambayo hakuna aliyethubutu kumuuliza ameitoa wapi.

Kisa chenyewe kilianza na simu. Ndani ya duka, ukutani, ilining'inia msumarini kwa kamba ya kiatu simu moja ya zamani ambayo mwenyewe aliileta kwa Betri itengenezwe, kisha akahama mji. Betri aliifufua, akafungua akaunti ya mtandaoni kwa jina la duka ili Taratibu aweke picha za mitindo ya nywele, na neno la siri akaliandika kwa chaki juu ya kioo cha kunyolea, lisije likasahaulika. Wateja wakaifuata akaunti hiyo, mmoja mmoja, wakatimia mia nne na ushee. Mambo yangeishia hapo. Lakini simu ikiwa msumarini ni ya msumari, na msumari hauna mwenyewe. Bi Birika akaanza kuitumia kutafuta birika la lita kumi na kuuliza habari za kuvimba miguu kwa mjamzito, maana bintiye alikuwa na mimba ya miezi saba. Wakili akatafutia kesi ya kiwanja cha shemeji yake. Betri akatafutia mchumba, akakana, akaonyeshwa ushahidi, akakana tena.

Na Taratibu, siku moja ya mvua ambapo wenzake hawakuja, aliitungua ile simu, akajiunga na kundi moja la watu ambao mikono yao inatetemeka bila ya baridi wala hofu. Kundi lilikuwa na picha ya kufuli juu ya jina lake. Chini ya kufuli kampuni yenye mtandao huo ilikuwa imeandika: ni wanachama pekee watakaojua kuwa umo. Aliuliza swali moja tu. Mimi ni kinyozi, aliandika, je, nitaendelea hadi lini? Kisha akairudisha simu msumarini, akaifuta kioo kwa taulo, kana kwamba swali limebaki juu ya kioo.

Jumanne iliyopita kampuni ilibadilisha mambo yake. Wale wateja mia nne na ushee wakaamka na ujumbe kwenye simu zao: Duka la Kinyozi Taratibu ni mwanachama wa Kundi la Mikono Inayotetemeka. Jiunge naye!

— Hilo "jiunge naye" ndilo linaloniudhi, alisema Bi Birika, akimimina kahawa. Kama harusi.

— Lakini shida iko hivi, alisema Betri. Tulibonyeza "nakubali".

— Nani alibonyeza?

— Sote. Kila ikiuliza, aliye karibu anabonyeza. Wewe mwenyewe, Bi Birika, uliwahi kubonyeza kwa kijiti cha jiko.

— Nilikuwa na unga mikononi!

— Vigezo na masharti ulivisoma?

— Wewe fundi ulivisoma?

— Nilianza. Nilipofika ukurasa wa tatu chaji ikaisha, nikaona hata simu yenyewe imechoka.

Bi Birika akaweka birika chini, dalili kwamba anataka kuongea na mikono.

— Ngojeni niwaulize. Jirani akisafiri akanikabidhi funguo nimwangalizie nyumba, nami nikaita mtaa mzima uje uone nguo za ndani alizoanika chumbani, halafu akirudi nimwambie, mbona funguo ulinipa mwenyewe? Hiyo ni akili au ni wazimu?

— Huo unaitwa uvunjaji wa amana kwa njia ya nguo za ndani, alisema Wakili. Kifungu nitakitafuta.

Taratibu alicheka pamoja nao, kidogo, kwa pembe ya mdomo. Aliwapenda watu hawa kwa kelele zao. Siku nne sasa walikuwa wanaizunguka habari hii kama kuku anayezunguka nyoka, wakibishana kampuni imekosa wapi na ishtakiwe vipi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kile alichokiogopa. Alishukuru. Alijua wenzake ni wepesi wa maneno na wazito wa kuona.

— Mimi ninavyojua kazi yangu, alisema Betri, akasogeza kikombe, tatizo ni kioo. Kioo cha simu si kioo cha dirisha. Kinahisi. Kinajua kidole chako kina joto gani, kinagusa kwa nguvu gani, kama kimetulia au kinatete...

Akakohoa. Wakili alikuwa amemkanyaga.

— Upuuzi! alisema Wakili. Kosa ni la hesabu. Mashine yao imetuchukua sisi wanne, ikatujumlisha, ikatugawanya, ikapata mtu mmoja. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa, ana mimba ya miezi saba, ana kesi ya kiwanja, anatafuta mke na birika la lita kumi. Mtu wa namna hiyo utashangaa akitetemeka?

— Maskini, alisema Bi Birika. Na mke atampata wapi na mimba hiyo?

— Ndiyo maana nasema huyo ndiye mlalamikaji. Akaunti yenyewe. Kisheria ni mtu. Ana jina, ana tabia, ana maadui.

— Na mlalamikiwa? aliuliza Betri. Kampuni haina mlango. Utapiga hodi wapi? Iko hewani.

Wakili alikuwa amelisubiri swali hili tangu alfajiri.

— Mnara.

— Mnara upi?

— Ule ulio nyuma ya shule. Tunaukamata kama mali ya mlalamikiwa.

— Mnara si wao, ni wa watu wa simu!

— Mwizi akikimbilia nyumba ya jirani, utaacha kumfuata kwa sababu nyumba si yake? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Sasa ukishaukamata utauweka wapi? aliuliza Bi Birika. Hapa benchi halitoshi watu watano.

— Tutaulaza.

— Wapi?

— Kesi ikifika hapo tutaomba mwongozo.

— Mimi niwaambie ukweli, alisema Bi Birika, akashusha sauti ingawa barabara nzima ilimsikia. Ninyi mnadhani huko makao makuu kuna wahandisi. Hakuna. Kuna mawifi. Mawifi elfu moja wamepangwa kwenye meza ndefu, kila mmoja na simu yake na chai yake. Nani mwingine duniani ana muda wa kutaka kujua binti yangu amevimba mguu upi? Mhandisi? Mhandisi ana kazi zake.

— Na mkurugenzi? aliuliza Betri.

— Mama mkwe.

Walikuwa bado wanacheka pale Mwalimu alipopita ng'ambo ya barabara. Mwalimu alikuwa mteja wa miaka kumi na miwili, kila Ijumaa jioni, mtindo mmoja, hadithi moja ya wanafunzi wasioandika insha. Ijumaa hii hakuja. Aliinua mkono, akawapungia wote kwa pamoja bila ya kumtazama hata mmoja, akaongeza mwendo. Kinyozi huzijua shingo kama mshonaji ajuavyo mabega. Taratibu aliiona shingo ile kutoka ng'ambo: mstari umenyooka mno, umekatwa juu sana, kazi ya mkono wa mtu mwingine. Mkono thabiti. Kicheko kilimkauka mdomoni, na ule mkono chini ya paja ukaanza vurugu zake.

Wakili alijifanya anatafuta kosa katika barua yake.

Ndipo alipotokea binti wa kaka yake Bi Birika, anayesoma sheria mwaka wa tatu, mkoba begani, amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba kwa shangazi yake. Aliwaamkia, akataka kukaa penye bawaba, akavutwa na watu watatu kwa wakati mmoja.

— Karibu, mwanangu, alisema Bi Birika. Huyu hapa ndiye wakili wa kweli.

— Wa kweli ni yule aliyeona mahakama, alisema Wakili. Lakini akipenda, aisome barua. Mkubwa haogopi kusahihishwa, huogopa kukosolewa tu.

Binti aliisoma. Alisoma kwa kasi, midomo imefungwa, na alipofika penye habari ya kufuli akasita.

— Waliweka picha ya kufuli? Na maneno haya chini yake?

— Neno kwa neno, alisema Betri. Nina picha yake.

— Basi achaneni na mnara. Sauti yake ilipanda. Shauri lenu ni hili kufuli. Watakuja na kurasa zao arobaini waseme mlikubali. Kurasa ambazo wanajua fika hakuna anayezisoma, na ndiyo maana wakaziandika hivyo! Lakini ahadi ni ile mtu aliyoiona kwa macho yake. Ukinionyesha kufuli nikakupa kitu changu, huwezi kesho kuniambia kufuli lilikuwa pambo. Huu ni udanganyifu, na wawajibishwe kwa udanganyifu. Tena waanze kwa kueleza nani aliwatuma kututangaza.

— Mmesikia? alisema Wakili. Ndivyo nilivyoandika, ila mimi nilitumia mnara.

— Ila hapa juu, mjomba, penye jina la mlalamikaji, umeandika "Benchi".

— Benchi lina watu.

— Benchi haliugui. Kitu cha kwanza watakachouliza ni kimoja tu. Akawatazama wote, bila ya hila, kama mtu anayeuliza saa. Hii siri iliyotoka ni ya nani?

Betri alitoa bisibisi mfukoni akaanza kuichunguza. Wakili akainama kuiangalia bawaba ambayo ameikalia miaka sita. Bi Birika alipepea mkaa ambao ulikuwa mwekundu tayari.

Taratibu aliwatazama mmoja mmoja. Alinyoa watu tangu ujana wake, akiwatazama kwenye kioo wasipojijua wanatazamwa, kwa hiyo uso wa mtu asiyejua jambo anaufahamu. Asiyejua hutafuta. Kama hawa wasingejua, wangetazamana, wangetiliana shaka, wangemtazama hata yeye. Badala yake macho yote sita yalikwenda kila mahali katika mtaa ule isipokuwa mahali alipokaa.

— Tangu lini? aliuliza.

Hakuna aliyejaribu kujifanya.

— Tangu ulipomkata Betri sikio, alisema Bi Birika.

— Hakunikata! alisema Betri. Lilikuwa... nilijigeuza.

— Ulikuwa umelala kwenye kiti, utajigeuzaje? Bi Birika akamgeukia Taratibu. Nami nakujazia kikombe nusu tangu mvua za mwanzo. Wewe ukanuna wiki nzima ukidhani nimekuwa mchoyo.

— Kwa nini hamkuniambia?

— Sisi tukuambie habari za mkono wako? alisema Wakili. Wewe ndiye ulikuwa nao.

Taratibu alitaka kukasirika. Alitafuta hasira kila mfuko, hakuipata.

— Samahani, alisema binti, na sasa alisema polepole, maana alikuwa ameshaelewa anaongea na nani. Lazima niseme, kwa sababu wao watasema. Watasema siri ilikuwa inajulikana. Kwamba watu watatu waliijua kabla yao, kwa hiyo hakuna walichokivunja.

— Waseme hivyo mbele yangu, alisema Bi Birika, akasimama na kipepeo mkononi. Sisi tulijua tukanyamaza. Wao wamejua wakapiga mbiu. Huyo hakimu atakayeniambia kwamba hayo mawili ni jambo moja, na aje nimtangazie ya kwake mtaani, tuone kama atanywa chai yake vizuri!

— Hapana, shangazi. Si jambo moja. Binti alikuwa anaandika pembezoni mwa barua, haraka haraka. Hilo ndilo shauri lenyewe. Kujua si kosa. Hilo nitalisema hata chuoni.

— Nikiandika jina langu, alisema Taratibu, nani atalisoma?

— Karani. Hakimu. Mawakili wao. Magazeti, wakipenda.

— Kwa hiyo ili nilalamike kwamba nimetangazwa, inabidi nijitangaze.

— Unaweza kuomba jina lifichwe. Wakati mwingine wanakubali.

— Tuandike "kinyozi fulani, ambaye duka lake ni la kinyozi, na jina lake halitajwi, ila ukimtafuta anakaa mlangoni", alisema Betri.

Hata Taratibu alicheka. Kisha akautoa mkono. Aliutoa chini ya paja mchana kweupe, akauweka juu ya goti, ukacheza ulivyotaka, na wote wakautazama, kwa kuwa sasa ruhusa ilikuwepo. Haukuwa mkubwa kama alivyoufikiria. Ulikuwa mkono tu, na ulikuwa umechoka kukaliwa.

— Lete kalamu.

Akaandika jina lake kamili, ambalo Betri hakuwahi kulijua. Herufi zilipanda na kushuka kama mwendo wa siafu. Wakili alizisoma kichwachini akasema hakuhitaji daktari wa kutoa ushahidi, saini yenyewe ni shahidi, na Bi Birika akampiga na kipepeo.

— Kimebaki kisanduku cha mwisho, alisema binti. "Unaomba nini?"

— Fidia! alisema Wakili. Na mnara!

— Fidia wanaweza kuamriwa. Wanaweza kuamriwa wafute kila kitu kwenye mashine zao, watozwe faini wakumbuke. Hayo nitayaandika. Lakini wanaacha nafasi ya mtu aseme kwa maneno yake. Wewe, mjomba. Unataka wakurudishie nini?

Taratibu alifikiria vichwa mia nne na ushee, kila kimoja kimeshasoma. Alifikiria shingo ya Mwalimu. Mtu akikunyang'anya baiskeli, unajua utasema nini: lete baiskeli. Lakini watu waliojua utawafanya wasijue kwa amri ya nani? Aliwatazama wenzake wamsaidie, wale ambao hawajapata kukosa jibu tangu benchi lilipokuwa mlango. Betri akatikisa kichwa. Wakili akaupindua mdomo, akaurudisha. Bi Birika alichukua birika awamiminie wote ili wafikiri, akainamisha, likatoa matone mawili na mashapo.

— Imekwisha, alisema.

Wakili alisimama. Akaipiga suruali yake vumbi penye bawaba, akaingia dukani, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akajifunga taulo mwenyewe, kinyume.

— Ndevu zinaniwasha, alisema kutoka ndani. Hapa pana kinyozi au hakuna?

Taratibu aliingia. Akamfungua taulo, akamfunga sawasawa.

— Wembe au mashine?

— Mashine, alisema Wakili bila kusita. Undugu una mipaka yake.

Kicheko kikapasuka huko nje, cha Bi Birika juu ya vyote. Taratibu akaichukua mashine, akaiwasha. Wakili alikaa amefumba macho, ameshika kiti kwa mikono miwili. Mashine ikanguruma kitambo karibu na sikio lake, haijamgusa. Akafumbua jicho moja, akamwona rafiki yake kwenye kioo.

— Haya, zima hiyo kelele, alisema. Wembe. Ila, binti! Nikikatwa koo, kwenye kile kisanduku andika tunaomba Wakili arudishwe.